Kiapo cha Soji

— Naanza!
— Anza, tukufuate!
— Nikijikwaa?
— Tutakuinua!
— Nikidanganya?
— Tutakusikiliza!

Basi hapo kale palikuwa na nchi kavu yenye kisima kimoja. Masika yakipita, maji yalishuka. Kila siku yalishuka zaidi. Aliyechota mwanzo alipata maji. Aliyechota katikati alipata tope. Aliyechota mwisho alipata mchanga, akaupeleka nyumbani, akautazama.

Wanyama walipochoka kuumana kisimani, wakapatana. Kila mwanzo wa kiangazi watafanya mashindano ya kupanda punda, na mshindi na watoto wake watachota mwanzo mpaka mvua irudi. Ila yawe mashindano ya ridhaa, maana yake apande anayepanda kwa kupenda tu. Anayezoeza punda wa watu na kula kwa kazi hiyo hana nafasi. Huyo yuko mgongoni kila siku, atawaonea wenzake.

Wakaweka na kiapo. Punda wa nchi ile walitandikwa soji, godoro dogo la majani. Mbio zikiisha, soji haivuliwi. Mshindi huweka mkono juu ya soji ingali na jasho, akasema, "Sijala kwa mgongo wa punda." Asiyeapa hana ushindi, na anayemfuata huitwa aape. Soji ikishavuliwa, neno limekwisha, hata mkilia mwaka mzima.

Mshindi alikuwa Nyani. Mwaka huu Nyani, mwaka ule Nyani. Kila mtu alijua kwamba Nyani anazoeza punda wa Kifaru, tajiri wa nchi ile, na kila mtu alijua kwamba anakula. Lakini ukimuuliza Nyani, "Ulipewa nini?" atasema, "Zawadi." Ukimuuliza Kifaru, "Ulimpa nini?" atasema, "Zawadi." Na aliyeuliza mara ya pili alionekana kesho yake hana meno. Basi Nyani aliapa, akachota mwanzo. Watoto wake walikunywa, wakaoga, wakarushiana maji. Ndipo wengine wakasogea.

Katika nchi hiyo alikaa Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wawili. Mwaka uliopita Kifaru alimwita. "Nina punda wa jicho moja, anauma. Nizoezee huyo, nikupe mtungi wa maji."

Nguchiro akamzoeza. Akaumwa sikio, akaumwa mkia, akamzoeza. Akaenda kudai.

"Kesho," Kifaru akasema.

Akaenda kesho yake.

"Kesho."

Mtoto wake mkubwa hakuweza kuingoja kesho hiyo. Nguchiro alimzika kando ya kichuguu, akarudi nyumbani na mmoja.

— Ikawaje?
— Tulieni, nafika.

Kiangazi kikaja tena. Punda wakapangwa, filimbi ikalia, fyuu! Kwata-kwata-kwata! Vumbi likapanda mpaka jua likafifia. Nyani mbele, Nguchiro nyuma. Kwata-kwata! Nyani mbele, Nguchiro ubavuni. Kwata! Nyani akashinda kwa pua ya punda.

Korongo, mwamuzi, akasimama kwa mguu mmoja. "Kabla ya kiapo, nani ana neno?"

Kila mmoja akashika meno yake.

"Mimi," Nguchiro akasema.

Nyani akageuka, akatoa meno nje. "Sema, mama. Sema vizuri."

"Sina neno juu yako, kaka. Nina neno juu yangu. Mimi sistahili kukaa na wapandaji wa ridhaa. Mimi ni fundi, nimezoeza punda wa mzee Kifaru. Wewe apa tu, kaka. Sote tunajua hakuna aliyewahi kukulipa. Nani atamlipa asiyejua?"

Wanyama wakacheka, kwe kwe kwe, mikono midomoni.

"Asiyejua nani?" Nyani akauliza.

"Usikasirike. Kupanda bure si aibu. Yule punda mweusi, mpiga mateke, nani alimzoeza? Mimi."

"Wewe? Yule nilimzoeza mimi!"

"Bure?"

"Bure ya nani? Nilikula magunia mawili ya mahindi!"

"Labda yalikuwa mabovu. Na yule wa kijivu, anayelala njiani, nani alimzoeza? Mimi."

"Mwongo! Nilimzoeza mimi!"

"Bure?"

"Nilikula mzinga mzima wa asali!"

"Labda ulikuwa mkavu. Lakini yule wa jicho moja, huyo hukumweza. Ndiyo maana mzee aliniita mimi, akaniahidi mtungi mzima wa maji. Wewe alikuahidi maji lini, kaka?"

Nyani akaruka chini. "Maji! Mzee Kifaru, mimi mahindi, huyu kidudu maji? Kazi yangu ni mara kumi ya yake! Nataka na mimi mitungi yangu!"

"Nyamaza, Nyani," Kifaru akasema kwa sauti ndogo.

"Sinyamazi! Nataka ujira wangu!"

"Nyamaza, bwana wee. Soji haijavuliwa."

Hapo Nyani akanyamaza. Kila mnyama akanyamaza. Korongo akashusha mguu wa pili.

"Bwana Nyani, weka mkono juu ya soji, uape."

Nyani akainua mkono. Akatazama huku, wanatazama. Akatazama kule, wanatazama. Kinywa kilichosema nimekula, nimekula, kitasemaje sijala? Mkono ukarudi ubavuni.

"Na huyu je?" akafoka. "Yeye ndiye wa pili, naye hawezi kuapa! Amekiri mwenyewe!"

"Bi Nguchiro," Korongo akasema, "ulimzoeza punda wa jicho moja?"

"Nilimzoeza."

"Na mweusi, na wa kijivu?"

"Hao nilisema tu."

"Umedanganya."

"Nimedanganya, Mwamuzi."

"Kiapo hakiulizi umesema nini. Kinauliza umekula nini. Kwa huyo wa jicho moja, ulikula nini?"

"Niliahidiwa mtungi."

"Sikuuliza uliahidiwa nini."

"Sijala, Mwamuzi. Hata tone sikuliona."

Korongo akamgeukia Kifaru. "Ni kweli?"

Kifaru akatazama chini. "Ni kweli. Nilisahau."

Basi Nguchiro akaweka mkono juu ya soji yake. "Sijala kwa mgongo wa punda." Katika nchi ile palikuwa hapajaapwa kiapo cha kweli kama hicho. Soji ikavuliwa, ikatupwa chini, pu! Neno likaisha.

Asubuhi Nguchiro na mwanawe wakatangulia kisimani. Nyuma yao ulisimama mstari mrefu, na mwisho kabisa Nyani na wanawe, midomo imewakauka. Kata ikashuka, chubwi! Ikapanda na maji safi.

Kifaru akasogea kutoka kwenye mstari. "Bi Nguchiro, utanishukuru lini?"

"Kwa lipi, mzee?"

"Ningekulipa mwaka jana, jana ungeapa nini?"

Nguchiro akampa mwanawe kata. Mtoto akanywa, akafika nusu, akasita.

"Hii nyingine ya kaka," akasema.

"Kunywa yote," mama yake akamwambia.

— Na fundisho lake?
— Fundisho lake ni hili: ukifanya kazi usipolipwa, usilalamike. Unatunziwa usafi wako.
— Na yule asiyelipa?
— Huyo msalimieni kwa adabu. Bila yeye, nchi ingekosa watu safi.

Ngano yangu nimeitua hapa chini. Anayeiona nyepesi aibebe, anayeiona nzito tusaidiane.