Mshipi Uliokatwa Katikati

Alikuwapo mvuvi mmoja wa Pemba, mwenye wana wawili na mshipi mmoja. Mshipi ule ulikuwa mrefu mno. Ndoana zake zilifungwa juu, katikati na chini kabisa, kule kilindini ambako jua halifiki. Nyumba yake haikulala njaa.

Alipofariki, wanawe Khatibu na Shaame walitaka haki. Wakaukata mshipi nusu kwa nusu, sawasawa, na watu wakawasifu. Haki gani hiyo! Mshipi wa nusu haufiki chini. Ndugu wale wakawa wanavua maji yaleyale ya juu, kwa chambo kilekile, wakigombea samaki walewale. Kila mmoja akaamini kwamba mwenzake anamlia riziki yake. Salamu zikakatika. Siku moja Khatibu akampiga Shaame kasia kichwani, damu ikatoka, na mama yao, Bi Mize, akaogopa kwamba atamzika mtoto aliyeuawa na mtoto wake mwingine.

Akawaambia anatamani samaki kama wale wa marehemu baba yao. Hilo hawakuweza kumnyima. Wakauunga mshipi, na kwa kuwa sasa ulikuwa mmoja, wakalazimika kupanda mtumbwi mmoja, wamenuna kama watoto walionyimwa sukari. Wakarudi na samaki wa kila kina.

Bi Mize akawapasua samaki wale mbele yao. Tumboni mwa yule wa juu mlikuwa na dagaa. Wa katikati alishiba uduvi. Wa chini, mweusi mwenye macho makubwa, alikuwa amekula minyoo ya matopeni, na kichwa cha dagaa kilichomponyoka mlaji wa juu kikazama. Mama akafuta kisu.

"Wote hawa bahari yao moja, wanangu. Nionyesheni aliyemlia mwenziwe chake."

Shaame akacheka kwanza, Khatibu akalia, kisha wakala sahani moja. Tangu siku hiyo Khatibu hushughulika na ndoana za juu kwa chambo cha dagaa, na Shaame za chini kwa vipande vya pweza. Bi Mize ametulia. Nimekula kwake, na chakula chake kina raha.

Basi ninyi mnaochukiana kwa ajili ya riziki, hebu niambieni: bahari ndiyo ndogo, au ni ninyi mliong'ang'ania kina kimoja?