Simu Uani kwa Mwakisha

Ukimwita wa mbali, wa karibu amesikia. Mmemsikia mwenyekiti wa kamati ya maji akiisema leo mkutanoni, na sasa mmenizunguka mnataka kujua ilitoka wapi. Vuteni huo ungo wa mbaazi, menyeni huku mkisikiliza, maana mimi sipendi kuongea na watu walioketi mikono mitupu. Mambo yalianza hivi.

Mwaka ule mvua za vuli zilipita kiasi. Kipande cha mlima kiliporomoka nyuma ya shule yetu ya Ndighiri kikabeba madarasa mawili, na la tatu likapata ufa unaoweza kupitisha mkono. Namshukuru Mungu hadi leo kwamba ilikuwa Jumapili. Wanafunzi wa darasa la sita, la saba na la nane walikosa pa kukaa wote kwa pamoja, na wajenzi walisema hawawezi kuanza kazi mpaka udongo utulie.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Righa, hakuwa mtu wa kukaa akashika tama. Aliwagawa wanafunzi makundi mawili, wa mlimani na wa bondeni. Kundi moja lilikuja shuleni wiki hii na jingine likasomea nyumbani, kisha wakabadilishana. Wale wa nyumbani walikusanyika watano watano katika boma lenye simu. Saa tatu asubuhi simu ya shule ilipigwa, ikawekwa spika juu ya meza ya mwalimu, na somo likaanza kwa wote, wa darasani na wa simuni. Tulijisifu sana kwa mpango huo. Hata shule za jirani zilikuja kuutazama.

Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba nilikuwa mimi, kwa hiyo msihangaike kutafuta mtu mwingine wa kumcheka.

Kule chini kabisa bondeni mahali pekee palipokuwa na mtandao ni uani kwa Mwakisha, mchonga mipini ya majembe. Simu ilikuwa yake, na hakumwachia mtu. Aliiegesha juu ya jiwe karibu na zizi la mbuzi, watoto wakaketi kuizunguka, naye akaendelea na mipini yake hatua tatu kutoka hapo. Mmoja wa watoto hao alikuwa binti yake, Mkamburi.

Mkamburi alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la nne. Katika muhula ule alianza kuteremka. Mtihani wa kwanza alikuwa wa tisa, wa pili akawa wa ishirini na sita. Wengine pia walishuka, lakini yeye aliniuma zaidi kwa sababu nilimjua. Na kwa vile nilijiona nafundisha kwa bidii zilezile, nilihitimisha kwamba watoto wakiwa nyumbani wanacheza. Nikamwandikia baba yake barua fupi. Nilisema binti yake amekuwa mvivu.

Barua hiyo ilinirudia kwa njia nyingine. Niliambiwa na jirani yao kwamba Mwakisha ameamua kumtoa shule. Dada yake Mwakisha aliyekuwa Voi alijifungua mapacha na alihitaji msichana wa kumsaidia kulea. Mwakisha alisema kama mwalimu mwenyewe ameshuhudia kwamba mtoto hasomi, basi na aende akalee. Alikuwa amempa muda hadi mwisho wa muhula.

Sikulala vizuri baada ya kusikia hayo. Kusema kweli bado niliamini kwamba Mkamburi ni mvivu, ila sikutaka uvivu wa mwezi mmoja umgharimu maisha yote. Nikamwomba Bwana Righa anishikie somo la Jumatano, nikateremka bondeni ili nimkanye yule binti na kumbembeleza baba yake.

Nilifika somo likiwa katikati. Sikutaka kulikatiza, nikasimama nyuma ya zizi. Sauti ya mwalimu mkuu ilitoka simuni safi kabisa, kila neno lilisikika. Alikuwa anafundisha kujumlisha sehemu. Alisema, "Sasa mnaona hii ya chini na hii ya chini hazilingani. Kwa hiyo hii tunaileta huku, hii inapanda hapa, halafu tunapata ile pale. Tumeelewana?" Darasa zima likajibu kwamba wameelewana.

Watoto watano pale uani walikuwa wameinua penseli zao. Hakuna aliyeandika, isipokuwa Mkamburi. Nikamsogelea taratibu, nikaangalia daftari lake kutoka juu ya bega lake. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: hii ya chini, na hii ya chini, hazilingani. Hii huku. Hii hapa. Jibu: ile pale.

Nikaliomba lile daftari. Nikafungua kurasa za nyuma, za wiki nilizofundisha mimi naye akiwa nyumbani. Kila siku ilikuwa na tarehe, kichwa cha somo, na mstari uliopigwa kwa rula. Toa hii kwenye hii. Zidisha hizi mbili. Hapa mnaona wenyewe. Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno, hakuna alilolikosa. Mtoto alikuwa ameandika kila kitu nilichompa, na mimi sikuwa nimempa kitu. Nilikuwa namwonyesha kwa kidole ubao asiouona.

Niliona aibu, wanangu. Miaka kumi na tisa ya ualimu, na nimemwandikia mtoto huyu barua ya uvivu.

Mwakisha aliweka chini mpini wake akanisalimu. Nilimwambia yaliyokuwa moyoni kabla sijapoteza ujasiri.

"Baba Mkamburi, ile barua nilikosea. Mvivu ni mimi."

"Mwalimu, dada yangu anamsubiri. Nimeshatoa neno."

"Neno lako ni mwisho wa muhula. Nipe hizo wiki tano."

Alisema tu kwamba chakula kiko karibu na nisiondoke bila kula. Somo lilipokwisha, mama yake, Bibi Mghoi, alitoka jikoni akasimama ukingoni mwa ua. Mnajua jinsi watu wa kwetu wanavyoitana kutoka kilima hadi kilima. Alimwita mjukuu wake aliyekuwa mtoni huko chini, kwa sauti ndefu ya taratibu, akitaja jina lake, mahali alipo na anachoitiwa: wewe Mwanyasi uliyeko mtoni, panda uje ule, viazi viko tayari. Alisema mara moja tu. Watoto wote waliokuwa uani wakainuka wakaenda kunawa mikono. Nikamuuliza mbona hawa wa hapa hajawaita.

Bibi Mghoi alinishangaa, mwalimu mzima kuuliza swali kama hilo. "Ukimwita wa mbali, wa karibu amesikia," alisema, akarudi jikoni kupakua.

Nilikula vile viazi bila kujua ladha yake. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa nayarudia maneno hayo.

Siku ya pili nilibadili mpango. Niliweka kigoda mbele ya darasa, nikamkalisha mwanafunzi mmoja akiupa ubao mgongo, na daftari magotini. Nikawaambia wote kwamba leo namfundisha yule asiyeona. Akielewa yeye, na wa bondeni wameelewa. Kisha nikaanza. Andika tatu. Chini yake piga mstari. Chini ya mstari andika nne. Hiyo ni robo tatu. Kila nilipotaka kusema "hii" niliuma ulimi. Somo la nusu saa lilichukua saa nzima, nami nilitoka jasho.

Lakini sikilizeni jambo lililonishangaza. Somo lilipokwisha, msichana wa mstari wa mbele kabisa, ambaye kila siku alikuwa akiitikia kwa kichwa, aliinua mkono akasema kwamba leo ndiyo mara yake ya kwanza kuelewa sehemu. Wengine wakacheka, halafu wakakiri kwamba na wao pia. Kumbe hata wale niliowaona kwa macho yangu walikuwa wakinakili ubao tu. Bwana Righa alipoliona hilo aliagiza kila darasa liwe na kigoda, na wanafunzi wakikalie kwa zamu. Walikiita kiti cha bondeni.

Zikapita wiki tano. Mkamburi alimaliza mtihani akiwa wa nne. Hakuwa wa kwanza, na nilijua baba yake ameshatoa neno. Nikateremka tena siku ya kufunga shule, nimejipanga kubishana naye hadi jua lizame.

Nilimkuta mahali pale pale, mpini mkononi, jiwe la simu hatua tatu mbele yake. Hakuuliza matokeo. Aliokota kipande cha mbao alichokuwa amekwaruza kwa kisu akanipa.

"Lile swali la Jumanne," alisema. "Robo tatu ujumlishe na moja ya sita. Mimi niliachia darasa la nne, sijui kama ni sawa."

Niliangalia. Kwenye ule ubao alikuwa ameandika kumi na moja, mstari, kumi na mbili.

"Ni sawa, Baba Mkamburi."

Alichukua ule ubao akaufuta vumbi kwa kiganja. "Nimemwambia dada yangu atafute msichana mwingine," alisema. "Muhula ujao tunaendelea na nini?"

Nilimjibu kwamba tunaendelea na desimali, kisha nikalia pale pale mbele ya mbuzi wake. Wiki zote zile nilidhani naita watoto watano. Mkamburi nilimpandisha tena mimi kwa shida, lakini aliyembakiza shuleni ni yule mtu wa hatua tatu kutoka simuni, ambaye hakuna aliyemwita.

Haya, naona mbaazi zimekwisha na chungu kinachemka. Mmoja wenu asimame hapo ukingoni amwite Saru kule shambani, aje tule. Ninyi sitawaita. Ukimwita wa mbali, wa karibu amesikia.