Mama Gimbi na Mlango wa Wenye Kiu

Paukwa.

Pakawa.

Sauti hiyo imetoka kwa watu wawili tu, wengine mnaangalia majivu. Nimeshasema, kilichofukiwa hapo hakiguswi mpaka hadithi iishe. Senzige, rudisha kijiti. Haya, paukwa.

Pakawa.

Sasa nimewasikia.

Zamani, ile zamani ambayo bibi yangu mwenyewe aliikuta inasimuliwa, wanyama walikuwa wakipiga hodi. Hawakuingia tu kama hawa mbuzi wenu. Walisimama mlangoni, wakasema hodi, wakangoja.

Zamani hizo kulikuwa na bonde. Ndani ya bonde kulikuwa na chemchemi. Kando ya chemchemi, kivulini, kulikuwa na magimbi, majani yake mapana kama masikio ya tembo. Gimbi halipendi jua, wajukuu zangu. Gimbi linataka kivuli kichwani na tope miguuni. Watu wa bonde walichimba watoto wa gimbi wakala, mama wakamwacha ardhini azae tena. Hivyo ndivyo walivyoishi, mwaka baada ya mwaka. Watoto wanaliwa, mama anabaki.

Ukaja mwaka wa jua. Jua likakaa mbinguni kama mgeni asiyeaga. Mahindi yakakauka, maharage yakakauka, hata nyasi za kuezekea zikakauka. Watu wakachimba magimbi madogo, wakala. Njaa ikazidi, wakachimba na mama zake, wakala. Bonde zima likabaki na gimbi moja tu, la mwanamke mmoja aitwaye Nakiete, ambaye mumewe alikuwa amekwenda nyikani kutafuta mtama. Mvua ikija, mbegu ya bonde zima ni hiyo. Ikiliwa hiyo, hakuna magimbi tena. Si mwaka ule, si mwaka mwingine wowote.

"Si wangeenda kuomba mbegu kwingine, Bibi?"

Kwingine wapi, Mbonea? Jua lilikuwa lile lile.

Nakiete akakata matawi ya mgunga yenye miiba mirefu. Akajenga ua. Akalizungushia gimbi lake ua, na kwa kuwa gimbi lilikuwa kando kabisa ya chemchemi, ua ukaizunguka na chemchemi. Akaacha mlango mmoja, akauziba kwa tawi la miiba. Akatandaza na majivu kulizunguka shina mpaka ukingoni mwa maji, maana wadudu na konokono hawapendi kutembea juu ya majivu.

Wifi yake, jina lake Ngasu, akaja kuangalia. Alikuwa na watoto wadogo nyumbani na tumbo lake mwenyewe lilikuwa linanguruma.

"Wifi," akasema Ngasu, "umejenga boma la ng'ombe?"

"Nimejenga ua."

"Na ng'ombe yuko wapi? Naona jani."

"Ni majani matatu, wifi. Na moja changa bado limejikunja."

"Mwenzangu amekuwa mchungaji wa majani. Hilo gimbi lingetosha chungu kimoja."

"Lingetosha. Na kesho ungekula nini?"

Ngasu akaitazama ile miiba. Kisha akasema, "Umeifungia chemchemi ndani, Nakiete. Unajua mwiko wake."

Alijua. Bonde zima lilijua. Chemchemi ile haikuwa na mwenyewe. Anayekuja akasema hodi, nina kiu, hanyimwi. Hodi ya kwanza unaweza kunyamaza, hodi ya pili unaweza kunyamaza, hodi ya tatu lazima ujibu karibu. Akinyimwa mmoja, chemchemi inawakaukia wote. Na mgeni anapokunywa humkodolei macho. Unageuka pembeni, kwa adabu.

Basi. Siku ya kwanza ikapita. Gimbi likaimba. Majani yake yalipotikiswa na upepo yalikuwa yanaimba hivi, na nyinyi mtaitikia "mwenye kiu":

*Nakiete ee, Nakiete,*
*mlango una mgeni,*
*nani anakuja, nani?*

"Mwenye kiu."

Akaja Konokono. Akaja polepole, nyumba mgongoni.

"Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi, mama. Nina kiu."

"Karibu," akasema Nakiete.

"Nitakaribia vipi, mama? Tumbo langu laini, hayo majivu yananiunguza. Nisogezee kidogo nipite."

Nakiete akamhurumia. Akayafagia majivu kwa mkono, akamfanyia kijia. Konokono akapita, Nakiete akageuka pembeni kwa adabu. Akangoja. Akangoja sana, maana Konokono hunywa taratibu. Alipogeuka, hakuona mtu.

Asubuhi jani la kwanza lilikuwa limetobolewatobolewa kama chekeche. Konokono alikuwa amejibandika chini yake, ameshiba, analala.

"Ulisema una kiu," Nakiete akasema.

"Nilikuwa na kiu, mama. Baadaye nikawa na njaa. Kwani hizo haziji pamoja?"

Nakiete akambandua, akamtupa nje ya ua. Akarudisha majivu. Yalibaki majani mawili mazima, lile lenye matundu, na lile lililojikunja.

Gimbi likaimba tena. Semeni.

*Nakiete ee, Nakiete,*
*mlango una mgeni,*
*nani anakuja, nani?*

"Mwenye kiu."

Akaja Paa. Miguu myembamba, macho makubwa yenye majimaji.

"Hodi. Hodi. Hodi, dada. Nina kiu. Na nina mtoto ananyonya huko kichakani, maziwa yamekatika."

"Bibi, asimfungulie."

Wewe Mbonea ungemfungia mama mwenye mtoto?

"Nisingemfungia. Lakini ningemwangalia."

Nakiete akaondoa tawi la miiba. Akasema, "Karibu, lakini kunywa tu."

"Kunywa tu, dada. Mimi mlafi?"

Paa akaingia. Nakiete akasimama katikati ya Paa na gimbi, akageuka pembeni kwa adabu. Akasikia maji, fyu, fyu, fyu. Kisha akasikia kwata, kwato zinamzunguka. Kisha kwata, kwata. Alipogeuka, Paa alikuwa ameshachupa mlangoni, kama ilivyo desturi ya paa, yuko nje, na jani linaning'inia mdomoni. Vikonyo viwili vya majani vimebaki vitupu, vinachuruzika utomvu.

Sasa lilikuwa limebaki lile jani la matundu, na lile changa lililojikunja, jembamba kama kidole. Basi.

Jioni hiyo Ngasu alikuja anakimbia. Hakuleta utani.

"Wifi, Nungunungu ameingia bondeni. Amefukua muhogo wa mzee Kirumbe, hakuacha hata mzizi. Amesema kwa mdomo wake, kesho jua likizama anakuja kwako. Anasema ana kiu."

Nakiete akakaa chini. Konokono hutaka jani. Paa hutaka jani. Jani likiliwa, lingine huota. Lakini Nungunungu hana haja na jani. Yeye hutaka kilicho chini. Hutaka mama.

"Usimfungulie," akasema Ngasu.

"Nisipomfungulia chemchemi inakauka, na gimbi linakufa."

"Mfungulie, basi, umsimamie na panga."

"Mgeni anayekunywa nimsimamie na panga? Chemchemi itakauka vile vile."

"Basi tulichimbe leo," Ngasu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Tulipike leo, wifi. Watoto wangu wale wao, kuliko ale yule."

Nakiete akatikisa kichwa. Ngasu akaondoka anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Asubuhi Nakiete alikuwa bado amekaa pale pale. Umande ulikuwa umedondoka kidogo juu ya lile jani lenye matundu. Mmewahi kuliangalia jani la gimbi lenye umande? Jani la gimbi halilowi. Tone linakaa juu yake kama ushanga, halizami. Tone likayumba, likakwepa tundu hili, likakwepa tundu lile, likafuata mshipa wa katikati, likateleza mpaka ukingoni, likaanguka kule nje, kwenye miiba ya ua.

Nakiete akaliangalia tone jingine. Nalo likateleza, likatoka nje.

Akasimama ghafla. Akachukua panga.

Nyuma ya nyumba yake ulibaki mgomba mmoja uliokuwa na mkungu, mkungu mchanga, ndizi zake nyembamba kama vidole vya mtoto. Ngasu alikuwa anazihesabu ndizi hizo kila akipita. Nakiete akaukata mgomba, puu, ukalala chini.

Ngasu akasikia kishindo, akaja mbio. "Umerukwa na akili. Ndizi hizo zilikuwa za wanangu."

"Chukua mkungu ukapike hivyo hivyo. Mimi nataka magamba. Wifi, nigombeze baadaye. Sasa nishikie hapa."

Wakabandua magamba ya mgomba, yale marefu yaliyojipinda kama mtumbwi. Walikuwa wanabandua jua likiwa juu. Walikuwa wanabandua jua likiwa limeinama. Wakachomeka gamba ndani ya gamba, wakayaegesha juu ya panda za miti, kutoka chemchemi, kupita chini ya miiba, kuelekea nje, mteremkoni, kwenye jiwe lenye shimo. Lakini gamba la mwisho lilipasuka. Maji yakamwagika njiani, hayakufika.

Na jua lilikuwa linagusa kilima.

Gimbi likaimba. Safari hii semeni kwa sauti ya chini, anasikia.

*Nakiete ee, Nakiete,*
*mlango una mgeni,*
*nani anakuja, nani?*

"Mwenye kiu."

Cha-cha-cha. Cha-cha-cha. Ile ni miiba ya mgongoni, inagongana akitembea. Nungunungu hakimbii. Ana haraka gani?

"Hodi," akasema Nungunungu.

Nakiete kimya. Anabandua gamba jingine, kucha zinavuja damu.

"Namsikia mtu anapumua humo ndani. Hodi, mwenye nyumba."

Kimya. Ngasu ameshikilia gamba kwa mikono miwili, Nakiete analichomeka. Haliingii.

"Bibi, haraka."

Nisiharakishwe, nami naogopa kama wewe.

Cha-cha-cha. Nungunungu akausogelea mlango, akanusa. Akanusa chini, siyo juu. "Hodi ya tatu hii, mama. Nina kiu."

Lazima ajibu. Nakiete akajibu, gamba likiwa bado mkononi. "Karibu, mzee. Nisamehe, nilikuwa nakuandalia. Ila niambie, una kiu au una njaa?"

"Nimesema kiu."

"Kiu tu?"

"Mimi ni mtu mzima. Nikisema kiu, ni kiu."

"Hutaki kitu kingine humu ndani?"

"Maji tu, mama, maji tu. Fungua."

"Wifi, umemsikia?"

"Nimemsikia," akasema Ngasu. Na gamba likaingia, kwap.

"Basi pokea, mzee. Siku hizi mgeni hachoshwi kuingia ndani. Maji yanamfuata alipo."

Maji yakaja. Yakatembea juu ya gamba, yakapita chini ya miiba, yakaangukia kwenye jiwe, mbele ya miguu ya Nungunungu. Tiriri, tiriri, tiriri.

Nungunungu akayatazama. Akautazama mlango. Mlango umefungwa, na hakuna aliyemnyima.

"Haya maji yananuka mgomba," akasema.

"Yatakuwa yananuka. Kunywa, mzee."

"Mimi nimezoea kunywa pale shinani."

"Kumbe unapajua? Kunywa, mzee. Au hukuwa na kiu?"

Angefanya nini? Ameshasema kiu, na mashahidi wawili wamesikia. Akanywa. Akanyanyua kichwa, Ngasu akasema, "Bado yanakuja, babu, usituonee aibu." Akanywa tena. Akanywa mpaka tumbo likawa ngoma na miiba ikasimama yote. Nakiete na Ngasu waligeuka pembeni muda wote, kwa adabu, lakini mabega yao yalikuwa yanatikisika.

Nungunungu akaondoka. Cha... cha... cha. Ndani ya tumbo, chubwi, chubwi.

"Akarudi kuchimba?"

Alirudi kesho yake, na siku nyingine. Akanywa pale pale jiweni. Mwaka ule hata mwongo alikuwa na kiu ya kweli. Paa akaja na mwanawe, akanywa. Konokono akaja, akanywa, akakaa pale kwenye unyevunyevu, hakuona sababu ya kuvuka majivu. Chemchemi haikukauka. Mlango haukufunguliwa tena mpaka ngurumo ziliposikika upande wa mashariki.

Siku mvua ilipoanguka, Ngasu alikuwa wa kwanza kufika. Akaweka jicho kwenye tundu la ua. Lile jani changa lililokuwa limejikunja lilikuwa limefunguka, pana, zima, na maji yanateleza juu yake.

"Wifi," akasema, "ng'ombe wako amezaa."

Wakachungulia. Kandokando ya mama vilikuwa vimechomoza vichwa vidogo vya kijani. Nakiete akawagawia watu wa bonde, nyumba kwa nyumba. Cha kwanza alimpa Ngasu, kwa ajili ya zile ndizi.

Ndiyo maana kwetu mwenye kiu hanyimwi, wajukuu zangu, lakini maji yake hupelekwa nje. Mtu anaweza kuwa na huruma na akawa na mlango. Nakiete alipofungua kwa huruma tupu, alikaribia kuliponza bonde zima. Angefunga kabisa, angelikausha. Alipofikiri kabla ya kujibu hodi, akaliokoa. Mkilinda kitu cha watu wote, mlinde hivyo.

Haya, Senzige, leta kijiti chako sasa. Fukua taratibu, ni ya moto. Ndiyo, gimbi. Ulidhani nini? Mama yake nimemwacha pale pale ardhini, na ua nimeufunga.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na hapo ndipo inapoishia. Pulizeni kabla ya kula.