Hija ya Mama Aliyekataa Kupanda Gari

Kulikuwa na mama mmoja wa Bukoba, ndugu zangu, mama mbishi kweli kweli. Mumewe aliugua, akalazwa hospitali, mpaka watu wakaanza kunong'ona habari za mazishi, kisha akapona. Basi wakafunga safari wote wawili, kwa miguu, wavuke mpaka waende kuhiji kwa Mashahidi kule Namugongo, Uganda. Wakawa njiani na mahujaji wenzao, rozari mkononi, leo wanalala parokia hii, kesho ile.

Kabla hawajafika Masaka mguu wa mama ukavimba, malengelenge yakapasuka, kiatu hakiingii tena. Gari lililobeba mizigo ya kikundi likasimama. "Panda, mama," dereva akamwambia. Akakataa. Kesho yake akakataa tena, anachechemea huku machozi yanamtoka. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msiangaliane, tunao humu humu.

Mumewe uvumilivu ukamwisha. "Mama Koku, una nini lakini? Wenzako wamepanda, nani kawacheka?"

Ndipo mama akafunguka. "Siku ile, kabla sijaja wodini, nilipitia kanisani nikaweka nadhiri: mume wangu akipona, nitatembea mpaka Namugongo bila kupanda gari. Nikaja nikakukuta umekaa, unakunywa uji. Sasa nikipanda, si ugonjwa utakurudia? Nitakuzika!"

Mumewe akamshika bega. "Mke wangu, ulichokikuta kilikuwa kikombe cha pili. Cha kwanza nilikunywa asubuhi, wewe bado uko nyumbani unanifulia shuka, hata kanisani hujafika."

Mama akakaa chini pale pale kando ya lami. Akalia, kisha akaanza kucheka huku kamasi zikimtoka, maana hofu aliyotoka nayo Bukoba ilikuwa imemwachia. Akanyoosha mkono akapandishwa garini, na njia nzima aliimba kuwashinda waliokuwa wakitembea.

Ndugu zangu, sisi je? Ni mara ngapi tunafunga, tunakesha, tunatoa, lakini roho iko juu juu, tukidhani tukiteleza kidogo Mungu atatunyang'anya alichotupa? Nadhiri ni njema, na mwenye nguvu aitimize. Lakini miguu yetu siyo inayowaweka hai wale tunaowapenda. Tutembee kwa shukrani, tuache kutembea kwa hofu. Wakati sisi bado tunatafuta maneno ya kumwomba, Mungu alikuwa ameshafika wodini.