Mti wa Heshima Mlangoni pa Peirona

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, walio nyuma hawajaitika!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kilima, na juu ya kilima kijiji, na ndani ya kijiji mtu asiyepata usingizi kwa sababu jirani yake anacheka.

Sogeeni karibu. Na wewe, acha kutazama muhogo wa mwenzako, umetoka chungu kimoja na wako.

Basi, hapo zamani, mbali kabisa, katika nchi ya Wafaransa, pembe ya kusini kule jua linakotua, watu walijenga vijiji vyao juu ya vilima. Msiniulize nimefikaje huko, hadithi haina nauli. Walijenga juu ili adui wamwone angali mbali. Nyumba zilikuwa za mawe, vichochoro vyembamba, ukuta umezunguka, na lango ni moja tu. Chini kulikuwa na mabonde ya mizabibu na miplamu, miti ya matunda yanayofanana na zambarau, na bata bukini walitembea njiani kama wenye mji.

Katika kijiji kimoja aliishi mjane, jina lake Peirona, na binti yake mdogo, Naneta. Peirona hakuwa maskini. Alikuwa na bata bukini, alikuwa na magunia ya plamu zilizokaushwa, na alikuwa na sufuria ya shaba, kubwa kuliko zote kijijini. Sufuria hiyo hakumwazima mtu. Ukuta wa jikoni kwake ndio uliokuwa ukuta wa jikoni kwa jirani yake, Alasia. Naye Alasia alikuwa na kisufuria kimoja tu, tena kimebonyea ubavuni.

Sasa watu wa huko walikuwa na desturi. Mtu akitenda jambo jema, wanakijiji hukata msonobari mrefu, huuondoa matawi, huacha kishungi cha majani kileleni, huuvika taji la maua, kisha huusimika mbele ya mlango wake. Huo ndio mti wa heshima. Na desturi ilikuwa na maneno yake, kila mtoto aliyajua. Aliyesimika hula. Mwenye mlango hupika. Mti haukatwi, huoza wenyewe.

Siku moja ukungu ulishuka, ukaziba bonde lote. Watu waliokwenda gulioni walikuwa njiani wanarudi, na mtu hakuona hata mguu wake, na kule majabali yanayoshuka wima ni mengi. Alasia akapanda juu ya ukuta na kisufuria chake, akakipiga kwa upawa. Akapiga, akapiga, akapiga, na watu wakafuata mlio ule mpaka wa mwisho akaingia langoni.

Peirona naye aliusikia mlio. Alikuwa na sufuria kubwa zaidi, na ingesikika mbali zaidi. Lakini nje kulikuwa na baridi, akajifunika blanketi.

Maua yalipochanua, kijiji kizima kilimsimikia Alasia mti. Wakala, wakacheka, wakaimba. Bibi mmoja akasema, "Chanda chema huvikwa pete."

"Na vidole vingine vikatwe?" akasema Peirona.

Tangu siku hiyo wivu ukamkaa kooni. Asubuhi akifungua dirisha, anauona mti. Mchana kivuli cha mti kinaingia mpaka jikoni kwake. Jioni upepo ukivuma, mti unalia kwiii, kwiii, na yeye anasikia Alasia, Alasia.

"Sufuria yangu ni kubwa kuliko yake," akasema. "Nyumba yangu ni kubwa kuliko yake. Kwa nini mti awe nao yeye?"

Basi akajifunga kilemba, akaenda kutafuta kijiji kitakachojua thamani yake. Naneta akamwacha kwa Alasia. Angemwacha kwa nani mwingine? Hasidi hana sababu, na haya pia hana.

Akashuka kilima, akapanda kilima. Akafika kijiji cha minara ya njiwa, minara mirefu yenye vijidirisha, ambako binti akiolewa hupewa magunia ya mbolea ya njiwa kuwa mali yake. Msicheke, shamba lao lilikula mbolea hiyo, na wao wakala shamba. Peirona hakuitazama minara. Aliona mlango mmoja wenye mti, na mwanamke ameketi chini yake.

"Mti huu uliupataje?"

"Mimi ni mkunga, dada. Kila unayemwona akipita hapa, nimempokea kwa mikono hii."

Akashuka kilima, akapanda kilima. Akafika kijiji kilichojengwa ukingoni mwa jabali, mawe yake ya rangi ya asali, na chini mto unapinda mara mbili kabla ya kuondoka. Peirona hakuutazama mto. Aliona mlango mmoja wenye mti, na mzee anakwangua karoti.

"Mti huu uliupataje?"

"Nilichimba kisima juu ya mwamba, binti yangu. Wakanicheka. Siku hizi wanakunywa."

Akashuka kilima, akapanda kilima. Akafika kijiji cha tatu. Huko mapaa yalikuwa yameanguka, majani yameota vichochoroni, na hapakuwa na mtu wala paka. Langoni lilikaa zimwi.

Zimwi lile lilikuwa pana kama tanuri la mikate, nywele mpaka magotini. Mkononi lilishika paja la ng'ombe, lakini halikulitazama paja. Macho yake yalitazama kipande cha mkate mkavu mkononi mwa Peirona.

"Mama, watafuta nini?"

"Natafuta mti wa heshima."

"Umetenda nini?"

Peirona akajifunga kilemba upya.

"Haya. Wautaka wa urefu gani?"

Hapo alijibu upesi. "Uupite wa Alasia."

Zimwi likacheka mpaka mawe yakadondoka. "Nenda nyumbani, utaukuta."

Na kweli aliukuta. Msonobari mrefu ajabu, kishungi chake kinagusa mawingu, taji lake zito la waridi. Wanakijiji walisimama wakiutazama, vinywa wazi. Alasia akatoka na Naneta mgongoni.

"Mti mzuri, jirani. Nani wamekusimikia?"

"Wanaojua thamani ya watu," akajibu Peirona, na siku hiyo alilala usingizi mtamu.

Kesho yake, watu wakiwa mashambani, akasikia sauti nyuma ya nyumba, upande wa jabali, mahali ambapo mtu hawezi kupanda.

"Nimesimika, nimesimika,
mti mrefu mlangoni,
aliyesimika hula,
mwenye mlango yu jikoni?"

Likaingia zimwi. Kumbe Peirona alitaka mti, akasahau kuwa mwenye mlango hupika.

"Sina chakula," akasema.

"Basi nitaimba kule kiwanjani, wote wajue nani aliyekuheshimu."

Peirona akaona heri bata kuliko aibu. Akachinja, akapika. Zimwi likala bata bukini wote, likaondoka.

Siku ya pili likaja tena. "Nimesimika, nimesimika." Likala plamu zote, na magunia yenyewe.

Siku ya tatu likaja tena. "Nimesimika, nimesimika." Likala unga, likala mafuta, likalamba chumvi. Kisha macho yake yakamwangukia Naneta, aliyekuwa akicheza na upawa chini ya meza.

"Kesho nitamla huyo," likasema. "Ukimficha, nitakula mtaa mzima, nianze na wewe."

Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilimjua Peirona vizuri sana, na lilikuwa limebakisha mtoto tu.

Peirona akachukua shoka, akaupiga mti. Shoka likadunda. Akapiga tena, likadunda. Akapiga mara ya tatu, likaruka mikononi likaangukia mlangoni kwa Alasia. Mti haukatwi, huoza wenyewe.

Akasimama mbele ya mlango ule muda mrefu. Jamani, hatua ile ni ndogo, lakini ilikuwa nzito kuliko vilima vyote alivyopanda. Mwisho akabisha.

"Alasia. Mti wangu hawakunisimikia watu."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Watu wakila pamoja hucheka. Mimi kupitia ukutani nilisikia mmoja tu, anatafuna."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nakuonea wivu."

Peirona akainama, machozi yakamtoka. "Mwenye wivu ni mimi, dada. Tangu siku ya ukungu. Nimekuonea wivu mpaka nimeliita zimwi nyumbani kwangu, na kesho litamla mwanangu."

Alasia hakumsuta. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Aliyesimika hula. Sawa. Lakini desturi haikusema ale peke yake. Leta sufuria yako."

"Ile kubwa?"

"Ile kubwa."

Alfajiri Alasia akapanda ukutani, akakipiga kisufuria chake. Kijiji kizima kikaja mbio, na Peirona akasema yote mbele yao, hakuficha hata blanketi. Wengine waligeuza nyuso. Lakini mtoto wa mwenzio ni wako. Kila mmoja akachukua jiwe, akaliweka shinani mwa mti ule, akaushika kwa mkono, akasema, "Na mimi nimesimika."

Huyu akaleta kabichi, yule maharage, yule mfupa, yule mkate wa juzi. Supu ikachemka katika sufuria ya shaba.

Jua lilipoanza kuinama zimwi likaja. "Nimesimika, nimesimika."

"Karibu," akasema Peirona. "Aliyesimika hula. Hawa nao wamesimika. Keti, kila mtu bakuli moja."

Zimwi likatazama huku, likatazama huku. Desturi ni desturi, na ndiyo iliyolifungulia mlango wa kuingilia. Likaketi, likapewa bakuli, limejaa sawa na mengine yote. Likalitazama? Hata. Likatazama la jirani yake.

"La huyu limejaa zaidi."

Wakabadilishana. Likatazama la mzee aliyefuata. "La huyu limejaa zaidi."

Wakabadilishana. Likatazama la mtoto. "La huyu limejaa zaidi."

Likabadili, likabadili, likabadili, na halikuonja hata tone. Mwisho likapanda na bakuli lake juu ya ukuta wa kijiji ili liyaone mabakuli yote kwa pamoja, lijue lililojaa kupita yote ni lipi. Likarudi nyuma hatua moja, lione vizuri. Likarudi nyingine. Nyuma ya ukuta kulikuwa na jabali, na chini ya jabali mto. Wakasikia kishindo, kisha maji, kisha kimya.

Bakuli lake likabaki juu ya ukuta, supu imepoa na mafuta yameganda.

Watu wakarudi kula. Peirona akampakata Naneta, akanyanyua kijiko. Jicho lake likateleza mpaka kwenye bakuli la Alasia. Akaona kipande cha mfupa chenye nyama. Bakuli lake yeye halikuwa na mfupa. Ulimi ukaanza wenyewe, "La huyu..."

Akaisikia sauti ile. Ilikuwa ya zimwi, na ilitoka kinywani mwake.

Akafunga mdomo. Akateremsha macho kwenye bakuli lake, akala. Ilikuwa bado ya moto, na ilikuwa supu nzuri.

Mti ule haukukatwa. Ulikaa mlangoni kwake miaka, maua yakakauka, kishungi kikadondoka, na kila upepo ulipovuma ulilia kwiii, kwiii, ukamwita Peirona, Peirona. Na sufuria ya shaba, tangu siku ile, mwenye shughuli alikuja kuichukua bila hata kubisha hodi.

Hadithi yangu imeishia hapo, palipooza mti wa Peirona. Atazamaye bakuli la mwenzake, lake hupoa.

Sasa rudisheni macho kila mtu kwenye muhogo wake. Na wewe pia, nimekuona.