Meno ya Kome wa Mtoni

Hapo kale, maji yalipokuwa bado machanga, kome wote walikuwa na sura moja. Wa mtoni na wa kinamasini walivaa magamba laini, meupe ndani na nje, na hata mvuvi mzoefu akiwekewa wawili kiganjani asingejua yupi katoka wapi. Watu hawakuona ubaya. Kome ni kome, walisema, na chungu hakiulizi.

Katika siku hizo aliishi mjane mmoja, mfinyanzi, jina lake Kalunde. Marehemu mumewe alimwachia kipande cha mto chenye mchanga safi na mkondo wa kasi, naye alikitunza kama watu watunzavyo shamba. Alipookota kome wakubwa, wadogo aliwarudisha majini na kuwafukia mchangani mmoja mmoja. Fisi maji walipokuja, aliwafukuza kwa mawe. Mtama ulipokauka na njaa ikaingia, kome wale ndio waliowashibisha wanawe, na majirani nao hawakurudi mikono mitupu.

Lugendo, mdogo wake marehemu, alikuwa na kinamasi chake upande wa chini. Alikivuna bila kukipumzisha hata kome wakawa haba. Basi asubuhi moja Kalunde alikuta mchanga wake umefukuliwa kama umepitiwa na nguruwe. Nyayo zilimpeleka hadi uani kwa shemejiye, na pale palikuwa na vikapu vimefurika kome, hata wale wachanga wasiozidi ukucha.

"Shemeji, hawa ni wa mtoni kwangu," alisema.

Lugendo hakuinuka. "Hawa ni wa kinamasini. Na hata wangekuwa wa mtoni, mto ni wa kaka yangu. Wewe hapa uliolewa tu."

Kalunde alikwenda kushtaki kwa mtemi. Vikapu vikaletwa barazani, wazee wakawageuzageuza kome wale na wasione lolote.

"Ushahidi wako uko wapi?" mtemi aliuliza.

"Nimewalea, Mtemi wangu."

Mzee mmoja akatabasamu. "Basi waulize wamtaje mama yao."

Baraza zima likaangua kicheko, na Lugendo ndiye aliyecheka kuliko wote. Kalunde alikuwa amekuja na machozi. Pale pale yakamkauka. Ile njaa yote, yale maji ya baridi kiunoni, na leo wanaume walioshiba kome wake wanamcheka! Akapiga magoti mbele ya kikapu, akamshika kome mmoja kwa mikono miwili.

"Mmesikia wenyewe," aliwaambia kome. "Mimi neno langu wamelikataa. Nanyi mkinyamaza, tumekwisha sote."

Kome wakasikia, na uchungu ukawapanda. Wakajibana kwa nguvu hata pale bawabani, magamba mawili yanapoungana, yakachipuka meno. Migongo yao ikajichora mistari, mmoja kwa kila masika waliyolelewa. Ndani wakaiva zambarau, kama uso wa mtu aliyejaa ghadhabu.

Mtemi akamfungua mmoja, akayaona yote, kisha akaagiza waletwe kome kutoka kinamasini kwa Lugendo. Walikuwa vile vile kama zamani: laini, weupe, bawaba tupu isiyo na jino hata moja.

Hakuna aliyecheka tena. Mtemi akamwamuru Lugendo avirudishe vikapu vyote, na mguu wake usikanyage tena mto ule. Kisha akamgeukia mjane. "Mama, haki yako umeipata."

"Nilikuja nayo, Mtemi," Kalunde akajibu. "Ninyi ndio mlioicheka."

Yule mzee wa mzaha akainuka amsaidie kikapu. Kalunde akajitwika mwenyewe, akawapeleka kome wake majini.

Na tangu siku hiyo, anayetaka kumtambua kome wa mtoni hutazama mistari ya mgongoni, humfungua aone zambarau ya ndani, kisha hupitisha kidole gumba bawabani kuyatafuta meno. Wa kinamasini hana kitu pale. Na ukimgusa wa mtoni angali hai, hujifunga kwa kishindo. Wapo wasemao ni woga. Si woga hata kidogo. Ni hasira, na ana haki nayo.