Kanga ya Bi Mwanakheri

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie kuamua, maana mimi nimeshindwa. Dada yangu Mwanakheri, muuza kanga wa sokoni Tanga, alijaliwa watoto watatu, na kila mmoja ana kipaji chake. Mwanatumu anachora. Sufiani anachonga mihuri. Kombo, kitinda mimba, anachapa vitambaa.

Dada aliipenda kazi yake kwa sababu ya maandishi. Mteja akishika kanga, humsomea kwa sauti jina la kanga, yale maneno ya chini, na kumtania juu yake. Kisha presha ya macho ikamwingia. Maandishi yakawa ukungu, naye akanyamaza, akawa anaketi tu dukani mikono mapajani. Watoto wakasema lazima mama asome kanga moja zaidi kabla macho hayajapofuka kabisa.

Mwanatumu akachora herufi nene, zisizo na vijimkia, ncha zake zote za mviringo kama ncha ya kidole. Mama akaisogeza karatasi mpaka puani. "Mwanangu, mbona naona madoa ya wino?"

Kwa unene ule, matundu ya A, P na O yalikuwa yamezibika. Sufiani akachukua kisu chake, akazichonga herufi moja moja kama mihuri, akayapanua matundu bila kuziharibu kwa nje, akazipiga karatasini. Mama akatazama tena. "Sasa ni herufi. Ila zimebanana, sijui hii inaishia wapi."

Kombo akaziachanisha kwenye fremu ya kuchapia. Akazisogeza, akazirudisha, mpaka kila moja ikapata nafasi yake. Akachapa doti moja, vipande viwili.

Mama akaikunjua, akasoma mwenyewe, polepole: "MAMA SISI TUPO." Akacheka, halafu akalia, nasi tukalia naye. Hakujitanda kanga nyingine mpaka Mungu alipomchukua.

Kipande kimoja tulimsitiria wakati wa kumwosha, na kwa desturi yetu waoshaji wakaondoka nacho. Kimebaki kimoja. Wanaweza kuchapa nyingine hata mia, lakini hii ndiyo aliyoisoma, na bado ina harufu ya udi wake. Kila mmoja anaitaka.

"Bila herufi zangu mngechapa nini?" akasema Mwanatumu.

"Zipi, zile alizoziita madoa?" Sufiani akamjibu.

"Na zako zilimshinda kusoma," akasema Kombo. "Alisoma nilizozipanga mimi."

Watoto wa tumbo moja hao! Roho iliniuma, jamani. Baada ya hitima nikaitandaza kanga mkekani, nikashika mkasi. "Basi. Maneno matatu, watoto watatu. Kila mtu na neno lake."

Wakakubali wote. Nilipotaka kukata, Kombo akaniuliza taratibu, "Mama mdogo, na MAMA anachukua nani?"

Mwanatumu alijifunika uso kwa mtandio, Sufiani akatoka nje.

Mkasi bado ninao, na kanga iko pale pale. Haya, ninyi mnaonisikiliza: ningeikata? Au ningempa mmoja? Na huyo mmoja, semeni kweli, angekuwa nani?